Programu Kumi Bora? Bora kwa Nani?

Ndugu wasomaji, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimeoa. Hakuna hata moja. Nilikuwa nyumbani Kasulu, na kwa siku nne nilikuwa Kibondo kumwona mtu ambaye habari zake nitazieleza hapo mbele. Nimerudi na hasira. Nitajitahidi kuandika kwa adabu, lakini siahidi.

Hasira yenyewe ilianzia kwenye simu ya mhariri. Nilikuwa nimesimama stendi ya Kasulu nasubiri basi la Kibondo, akapiga.

"Kijana, ukurasa wa teknolojia wa Jumamosi uko wazi. Niandikie ile ya programu kumi bora za kuwa nazo kwenye simu janja. Kama ile ya mwaka jana. Watu waliipenda."

Kama ile ya mwaka jana! Wenzangu wa magazeti mnajua makala zile zinavyopikwa. Ile ya mwaka jana niliipika mimi mwenyewe, Dar es Salaam, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka, natumia Wi-Fi ya ofisi. Nilichukua orodha ya tovuti moja ya Marekani, nikaondoa programu mbili ambazo hazipo kwetu, nikaongeza mbili za hapa nyumbani, nikatafsiri, nikaweka picha ya binti anayetabasamu huku ameshika simu. Kazi nzima haikufika saa moja, na chai nilikunywa humo humo. Katika zile kumi, sita sikuwahi kuzitumia hata siku moja.

Zilikuwa hizi: ya kuita teksi, ya kuagiza chakula, ya kuhesabu hatua unazotembea, ya kutafakari na kupumua taratibu, ya kupamba picha, ya kujifunza Kihispania, ya mkopo wa haraka bila dhamana, ya ramani, ya muziki wa kulipia kwa mwezi na ya kuhifadhi nyaraka. Ile ya mkopo ilikuwa namba saba. Naomba muikumbuke hiyo namba saba, tutairudia.

Hoja yangu leo ni moja tu. Hakuna kitu kinachoitwa programu bora mpaka useme ni bora kwa nani, yuko wapi, ana bando la shilingi ngapi, na nani anafaidika yeye akiipakua. Orodha isiyosema hayo ni tangazo la biashara lililovaa nguo za habari. Na sisi waandishi tunaozinakili tunawaonyesha watu njia ambayo sisi wenyewe hatujaipita.

Kwa wasiokujua kwetu, Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha. Ukitoka Kigoma mjini unapanda, unaliacha nyuma joto la Ziwa Tanganyika, unaingia kwenye baridi, migomba, maharage, mihogo na mizinga ya nyuki. Ukiendelea na barabara ya Nyakanazi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, unafika Kibondo, kisha Kakonko. Burundi iko hapo pembeni. Mwaka 2022 miji hii iliunganishwa na gridi ya taifa. Kabla ya hapo tuliishi kwa majenereta ya dizeli, na yakizima, yamezima. Kwa hiyo msidhani nawasimulia habari za porini. Minara ipo, umeme upo, na vijana wana simu za kupangusa kama zenu. Tatizo ninalolisema silo lile la "vijijini hakuna mtandao". Ni kubwa kuliko hilo.

Basi lilipoondoka stendi, nikaamua kufanya jaribio. Nikaifungua makala yangu ya mwaka jana, nikaanza kuzijaribu zile programu moja baada ya nyingine, njiani kuelekea Kibondo.

Ya teksi ilizunguka weee, ikaniambia hakuna gari karibu nami. Wakati huo huo, kila basi liliposimama, vijana watano wa bodaboda walikuja dirishani kuuliza, "Kaka, unashukia hapa? Twende." Ya chakula haikutambua mahali nilipo, na mama mmoja akanipitishia mahindi ya kuchoma dirishani, moto moto. Ya kutafakari ilitaka nilipe kwa mwezi, tena kwa dola. Ya kuhesabu hatua ilinipa pongezi kwa hatua mia tatu na kitu. Nje nikamwona mama na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni, anapandisha kilima. Huyo nani amwambie ametembea hatua ngapi leo?

Najua mtasema natania. Haya, tuje kwenye lisilo na utani: fedha.

Mtu wa Kasulu ananunua intaneti kwa vipimo vidogo vidogo. Mia tano leo, elfu moja keshokutwa akiuza ndizi. Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, kelele zilizopigwa nchi nzima mpaka zikasitishwa? Zile kelele hazikuwa za watu wanaopenda kulalamika. Kwa mwenye bando la mia tano, kila programu anayoipakua ni uamuzi wa nyumbani, kama kununua mafuta ya kula. Na haiishii kwenye kuipakua. Programu nyingi zinajisasisha zenyewe kimya kimya, unalala na bando, unaamka huna. Binamu yangu wa Kibondo alizipakua nne kati ya zile kumi kwa sababu tu ziliandikwa na mtu wa ukoo wake. Alilalamika wiki nzima kuwa simu imeingiwa na mdudu anayekula bando. Mdudu mwenyewe alikuwa mimi.

Dawa ya mdudu huyo ni ya dakika moja, na mwaka jana sikuiandika kwa kuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi sikuwa naihitaji. Ingia kwenye mipangilio ya Play Store, tafuta sehemu ya kusasisha programu kiotomatiki, chagua zisijisasishe. Kisha ingia mipangilio ya simu, washa kiokoa data. Maneno hayo machache yangemfaa binamu yangu kuliko makala yangu yote.

Sasa niwaulize: programu inayotumiwa zaidi Kasulu ni ipi? Msiniambie WhatsApp wala TikTok. Nendeni sokoni mkaangalie vidole vya watu. Utaona nyota, mia moja na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Hiyo ndiyo programu. Haina picha yake kwenye skrini, haipakuliwi, haijisasishi usiku, haitaki bando. Inafanya kazi kwenye simu ya kupangusa na kwenye kitochi cha babu sawasawa.

Wataalamu wanaiita USSD. Kwa lugha nyepesi, ni mazungumzo ya maandishi kati ya simu yako na mtambo wa kampuni, yanayopita kwenye njia ile ile ambayo simu na mnara hutumia kupeana ishara, bila kugusa njia ya intaneti. Ndiyo maana hata pale ambapo intaneti inasuasua, menyu inafunguka. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kwa njia hiyo ikaingia kwetu mwaka 2008. Kwa njia hiyo hiyo wenzake wakafuata, kila mmoja na nyota zake: *150*60# ya Airtel, *150*01# iliyokuwa ya Tigo Pesa, *150*88# ya Halotel. Serikali nayo ina *152*00#. Na ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, unabonyeza *106#, bure.

Hiyo ya mwisho naomba muishike vizuri. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo wake Januari 20, 2020, baada ya kuongezewa siku ishirini, simu bila namba ya NIDA ikawa tochi tu. Huku mpakani jambo hilo lina uzito ambao mtu wa Sinza haujui. Lugha yetu ya Kiha inasikilizana na Kirundi, na swali la "wewe kweli Mtanzania?" tumelisikia tangu utoto, kwenye mabasi na kwenye madirisha ya ofisi. Mtu akikwama kwenye swali hilo, hana namba. Hana namba, hana laini. Hana laini, hapokei fedha ya mwanawe aliye Dar. Mnamwandikia huyo habari za programu ya kupamba picha?

Lakini tafuta orodha yoyote ya programu bora, kwa lugha yoyote, uone kama hizi nyota na reli zimo. Hazimo. Na mimi najua kwa nini, nimefanya kazi humo. Hakuna anayelipwa ukibonyeza *106#. Hakuna kampuni itakayomtumia mhariri fulana na kalamu kwa kuisifia.

Walioijua thamani yake ni watu wa kodi. Mnaikumbuka Julai 2021? Serikali ilipotafuta fedha kwenye simu zetu haikuweka tozo kwenye programu ya kutafakari wala ya kuhesabu hatua. Iliweka kwenye kutuma na kutoa fedha, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, mpaka watu walipopiga kelele na tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huo huo. Mtoza ushuru hakosei. Alijua programu ya wananchi ni ipi. Sisi waandishi wa teknolojia ndio hatukujua.

Programu yangu ya pili ni redio. Mnacheka? Chekeni. Simu yangu ina redio ya FM ya kawaida: unachomeka hedifoni, waya wake unakuwa antena, unasikiliza bila senti ya bando. Nimekua nasikiliza Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza mwaka 1995 wakati wakimbizi wa Rwanda na Burundi walipojaa kwenye wilaya za mpakani. Leo simu mpya nyingi zinatoka kiwandani bila redio, au hazina hata tundu la hedifoni, na muuzaji anakuambia hiyo ndiyo ya kisasa. Kwa maana nyingine, kitu kilichokuwa bure kimeondolewa ili ukisikilize kwa bando. Mmewahi kusoma hilo kwenye ukurasa wa teknolojia? Mimi sijawahi, na mimi ndiye ninayeuandika.

Thamani ya redio niliielewa vizuri Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudi Novemba 3. Mimi nilikuwa Dar, mama yuko Kasulu. Programu zote kumi za makala yangu zililala. Zilibaki picha za rangi kwenye kioo. Sina haja ya kuwakumbusha siku zile zilikuwaje, kila mmoja wenu ana yake. Nasema tu kwamba mama alijua niko hai kwa meseji ya kawaida ya maneno sita, na kwamba nyumbani walikaa karibu na redio. Miezi kadhaa kabla ya hapo, Mei 2025, X ilikuwa imeshazuiwa. Mtu akikuambia programu fulani "huwezi kuishi bila hiyo", mwulize ilikuwa wapi siku zile tano.

Sasa tuje kwenye namba saba.

Nilikwenda Kibondo kumwona mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Simtaji jina wala shule. Tulikuwa majirani Kasulu, yeye mkubwa kwangu, ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza darasa la kwanza. Mpaka leo ananiita mdogo wangu. Alisoma makala yangu. Aliipiga picha ikafika kwenye kundi la WhatsApp la walimu wenzake, na akaandika chini yake, "Huyu ni mdogo wangu, amesoma chuo kikuu."

Mtoto wake aliugua katikati ya mwezi. Mshahara bado. Akakumbuka namba saba. Aliomba laki moja, akaingiziwa elfu sabini, akapewa siku saba arudishe laki moja na ishirini. Kabla ya hapo programu ilimwomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake. Akabonyeza kukubali, kwa sababu bila kukubali haisogei, na kwa sababu mdogo wake aliyesoma chuo kikuu alikuwa ameandika gazetini kuwa ni programu nzuri.

Siku ya nane zilianza meseji. Hazikuanzia kwake. Zilianzia kwa mwalimu mkuu, kwa mama mkwe, kwa mwenyekiti wa kikoba chake, kwa mzazi wa mwanafunzi. Zilisema ni mwizi, anakimbia deni, na kwamba wao wote wamewekwa kuwa wadhamini wake. Kuna mmoja alipigiwa saa nane usiku. Alipolipa, wakamwambia riba imepanda, akalipa tena. Elfu sabini ile imemgharimu zaidi ya laki tatu, laini ambayo amekuwa nayo miaka kumi ameiacha, na kwenye kikoba amejiondoa mwenyewe kwa aibu.

Nilipofika alinipokea vizuri. "Mwakeye, mdogo wangu," akaniletea kiti, akaniletea uji. Hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe uliitumia ikakufanyia vizuri?"

Nikamwambia sijawahi kuitumia.

Akanyamaza. Uji ukapoa.

Ndugu zangu, ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Lakini ilikuwa kazi yangu kujua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yanakopesha bila leseni. Makala yangu ilitoka baada ya hapo. Sikuisoma orodha ile, wala sikuuliza kama namba saba ina leseni. Kenya walishaumia kabla yetu, na mwaka 2022 Benki Kuu yao ikaweka kanuni za kuwapa leseni wakopeshaji wa mtandaoni. Google nao, kuanzia Mei 31, 2023, walipiga marufuku programu za mikopo kwenye duka lao kusoma majina na picha za mteja. Ndiyo maana nyingine huja kwa kiungo cha pembeni, nje ya duka. Na kiungo hicho mimi nilikichapisha gazetini.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Majina ya mama mkwe na mwalimu mkuu ni taarifa zao, hazikuwa za mwalimu kuzigawa wala za mkopeshaji kuzichukua. Nimemsaidia mwalimu kuandika malalamiko. Tutaona. Lakini sheria huja baada ya mtu kuumia. Kabla ya sheria kuna mwandishi, na mwandishi alikuwa anakunywa chai.

Najua kuna watakaosema, "Wewe sasa unapinga maendeleo. Unataka watu wa Kigoma wabaki na vitochi." Sivyo hata kidogo. Wafanyabiashara wa maharage wa Kasulu wanapeana bei kwenye makundi ya WhatsApp kila asubuhi. Vijana wanaangalia TikTok, na mimi pia naangalia, tena sana. Kambini Nyarugusu, iliyopo tangu mwaka 1996, kuna Wakongo wenye ndugu waliohamishiwa Marekani, na simu ndiyo kamba inayowaunganisha. Sisemi watu wasiwe na programu. Nasema wasidanganywe kuhusu programu.

Tena WhatsApp yenyewe imo kwenye orodha yangu, kwa jambo moja ambalo wanaoisifia hawalitaji: ujumbe wa sauti. Bibi yangu hajui kusoma. Kwa miaka mingi kila neno lake kwangu lilipita kwa mtu mwingine, likafika limepunguzwa. Siku hizi mjukuu anamshikia kitufe, bibi anasema kwa Kiha chake chote, methali, matusi na dua, na mimi naupata mzima. Hakuna aliyehitaji kuifundisha simu Kiha. Inabeba tu. Programu nzuri kwangu ni ya namna hiyo, inayombeba mtu alivyo bila kumtaka kwanza awe mtu mwingine.

Haya, mhariri alitaka orodha. Nampa orodha, lakini si ya kumi, kwa sababu sina kumi. Hizi ndizo ninazozitumia kweli, na zote nimezijaribu Kasulu na Kibondo kwa bando langu mwenyewe.

Ya kwanza, nyota na reli, kama nilivyosema. Ya pili, redio ya FM. Ya tatu, WhatsApp kwa ajili ya sauti, ikiwa imezuiwa kupakua picha na video zenyewe. Ya nne, kinasa sauti kilichokuja na simu, kwa kazi yangu ya uandishi, hakihitaji mtandao. Ya tano, kikokotoo. Naam, kikokotoo! Kama mwalimu angekifungua kabla ya kubonyeza kukubali, angeona kwamba kupokea elfu sabini na kurudisha laki moja na ishirini kwa siku saba si mkopo. Na kama mimi ningekifungua kabla ya kuandika, angekuwa bado kwenye kikoba chake.

Kabla hujapakua nyingine yoyote, jiulize maswali manne. Inafanya kazi bando likiisha? Inaomba ruhusa gani, na ruhusa hiyo inahusiana na kazi yake? Programu ya tochi inayotaka majina ya watu wako ina tochi gani hiyo? Tatu, anayeisifia ameitumia au amelipwa? Nne, ikikudhuru, kuna ofisi Tanzania unayoweza kwenda kugonga mlango? Namba saba ingeanguka kwenye maswali yote manne.

Na kwenu waandishi wenzangu, hasa vijana tuliotoka chuo na kupewa ukurasa wa teknolojia kwa sababu tu tunajua kushika simu: tuache. Usisifie usichokitumia. Kitumie nje ya Dar, kwa fedha yako. Kikihusu fedha za watu, angalia leseni kabla ya kuangalia rangi. Na kama umelipwa, andika tangazo, liitwe tangazo. Hatungeandika habari ya dawa bila kuuliza imeidhinishwa na nani. Kwa nini programu inayoingia kwenye mfuko wa mtu na kwenye majina ya ndugu zake tunaiandika kama habari ya viatu?

Makala hii nilimpelekea mhariri kwanza, ili ajaze ule ukurasa wa Jumamosi. Alinijibu kwa ustaarabu kwamba ni ndefu, inasikitisha, na haina picha nzuri ya kuiweka. Nilimwomba basi tuchapishe walau masahihisho ya ile ya mwaka jana, mistari mitatu, kuhusu namba saba. Anasema atalifikiria. Ukurasa umejazwa na orodha nyingine, ameiandika kijana mwenzangu. Nimeiona. Namba nne ni ya mikopo.

Kwa hiyo naiweka hapa, na masahihisho yangu nayaandika mwenyewe: ile programu niliyoiita bora mwaka jana sikuijua, sikuitumia, na imemuumiza mtu aliyeniamini. Naomba radhi kwa mwalimu wangu, na kwa mwingine yeyote aliyeifuata kwa ajili yangu. Kama ni wewe, niandikie. Nitakusaidia kuandika malalamiko kama nilivyomsaidia yeye.

Na wengine, fungueni simu zenu sasa hivi, ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya ruhusa, muone ni programu ngapi zinasoma majina ya watu wenu. Kisha mniambie mmekuta ngapi, na ngapi kati ya hizo mnajua zinayataka ya nini.

Naomba kuwasilisha.